Bi Akidi, Mwandishi wa Vikao vya Taka

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa mbili asubuhi, katika nyumba namba tisa ya safu ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili na binti wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa fundi bomba. Mama yake alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, palepale sebuleni ambapo watoto walilala. Mama alikuwa akisema kwamba binti huyu alichelewa kusema kuliko wenzake wote, kisha siku moja akaanza, na maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kumkosoa kaka yake. Hatuna shahidi mwingine wa jambo hilo, ila waliomjua hawalikatai.

Alisoma shule ya msingi ya karakana kuanzia 1958 hadi 1964, na sekondari ya wasichana kuanzia 1965 hadi 1968. Darasa la sita mwalimu wa historia aliwaambia wanafunzi waandike kila anachosema, maana vitabu havikuwa vimefika. Alipokusanya madaftari akakuta katika daftari la marehemu, katikati ya habari za wafalme, neno "kohoo" limeandikwa mara tatu.

"Nani kakwambia uandike na kikohozi changu?" mwalimu akamuuliza.

"Mwalimu, ulisema tuandike kila kitu."

Alichapwa viboko viwili. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha uhazili, akasomea upigaji chapa na hatimkato, akatunukiwa cheti Desemba 1970 akiwa na kasi ya maneno mia moja na ishirini kwa dakika. Kasi hiyo hakuitumia katika kusema. Kusema alisema polepole, kama mtu anayetaka neno likauke kwanza kabla ya kuleta jingine.

Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa na halmashauri ya mji kama mpiga chapa, katika chumba cha ghorofa ya kwanza chenye mashine sita na dirisha moja lisilofunguka. Mwaka 1978 alipandishwa kuwa mwandishi wa vikao. Jina la Bi Akidi, ambalo wengi wenu ndilo pekee mnalolijua, alipewa na madiwani mwaka uliofuata. Kikao cha masoko kilianza kikiwa na pungufu ya mjumbe mmoja. Walizungumza saa nzima, wakapitisha maazimio manne, na walipomuuliza muhtasari utakuwa tayari lini, akajibu, "Muhtasari wa nini, waheshimiwa? Akidi haikutimia. Mlikuwa mnapiga soga." Daftari lake lilikuwa jeupe. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini tangu siku hiyo hakuna kikao kilichofunguliwa kabla yeye hajahesabu vichwa.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1976, na mkaguzi wa mizani, ambaye yupo nasi hapa. Walikutana alipokuja halmashauri kuomba barua ya kumruhusu kukagua mizani ya machinjio. Marehemu alimrudishia ombi lake mara tatu kwa makosa ya tahajia. Mara ya nne halikuwa na kosa, na chini kabisa palikuwa na mstari wa ziada usiohusu machinjio. Mstari huo ulisemaje, wenyewe hawakupata kutuambia. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1977 na wa kike wawili, 1980 na 1986.

Kazi yake ndiyo iliyomtambulisha kwa watu, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo.

Mwaka 1983 kazi ya taka za majumbani iligawanywa. Halmashauri ya mji ilipewa kuzoa taka milangoni mwa watu na kuzifikisha kwenye vituo vya kuhamishia. Halmashauri ya wilaya ilipewa kuzitoa vituoni na kuzipeleka dampo, na kulitunza dampo lenyewe. Kwenye karatasi mgawanyo ulikuwa safi. Ikaundwa Kamati ya Pamoja, wajumbe saba kila upande, wakutane kila miezi mitatu chini ya wenyeviti wanaopokezana, na marehemu akawa mwandishi wake tangu kikao cha kwanza.

Shida ilikuwa kituo cha mtaa wa maghala. Kilikuwa sakafu ya saruji yenye kuta tatu, na kontena moja la chuma katikati. Ukuta wake wa nyuma ulipakana na kliniki ya mama na mtoto. Lori la mji likifika na kukuta kontena limejaa, lilimwaga kando. Lori la wilaya likija na ndoano zake, liliinua kontena likaenda zake, na kilichobaki chini hakikulihusu. Mji wakasema, "Sisi tumefikisha kituoni, kazi yetu imeishia hapo." Wilaya wakasema, "Sisi tunabeba kontena. Kuzoa ni kazi ya mji." Wote walikuwa na kanuni mkononi, na kwa jinsi marehemu alivyozisoma kanuni hizo, na alizisoma sana, wote walikuwa sahihi. Rundo likakua. Likapita urefu wa ukuta, likageuka kona, likaziba nusu ya njia ya kuingilia kliniki.

Muuguzi mkuu wa kliniki aliandika barua kwa kamati. Aliandika kumi na moja kwa miaka minne. Kila moja marehemu aliisoma kikaoni kwa sauti, neno kwa neno, na kila mara wajumbe waliamua jambo lile lile, naye akaliandika: barua imepokelewa, kila halmashauri iwasiliane na mwenzake. Kisha alimjibu muuguzi kwa maneno hayo hayo na kutia saini yake chini, kwa niaba ya kamati. Alitufahamisha baadaye kwamba hakuona ubaya katika jambo hilo. Alikuwa mwandishi, na mwandishi hana kauli kikaoni.

Jumanne, tarehe 16 Juni 1987, baada ya mvua ya siku tatu, alimpeleka kitinda mimba wake kliniki hiyo kupata chanjo. Kwa kawaida binti alipelekwa na shangazi yake, lakini shangazi alikuwa na harusi. Mbao mbili zilikuwa zimelazwa juu ya tope ili watu wavukie. Tope lenyewe halikuwa tope. Lilitoka chini ya rundo, jeusi, likapita chini ya geti mpaka uani, na funza walikuwa wamepanda hadi kwenye ngazi ya pili ya baraza. Ndani, madirisha yote yalifungwa na joto likawa la tanuri. Akina mama walikuwa wamepanga foleni wakiwafunika watoto nyuso kwa kanga kwa sababu ya nzi.

Muuguzi alichukua kadi ya mtoto, akasoma jina la mama, akalisoma tena.

"Ni wewe unayeniandikia kwamba barua yangu imepokelewa?"

"Ni mimi."

"Kumbe una sura," muuguzi akasema. Hakupandisha sauti. "Wiki iliyopita nimewapokea watoto kumi na wanne wa kuhara kutoka nyumba za nyuma hapa. Mmoja hatunaye. Barua ya kumi na mbili sikuiandika, dada. Basi ipokee kwa macho."

Akamdunga mtoto sindano, akaandika kwenye kadi, akaita anayefuata.

Mumewe anakumbuka kwamba jioni ile marehemu alikaa mezani bila kugusa chakula, jambo ambalo hakuwa nalo. Alipomuuliza ana nini, akasema, "Nimekuwa nikiandika vizuri sana." Mumewe hakuelewa, na hakumsukuma.

Kikao cha Septemba kilikuwa kikikaribia. Tangazo la kikao lilikuwa kazi ya mwandishi: tarehe, saa, mahali, ajenda, kisha mkurugenzi wa halmashauri ya mji anatia saini. Kwa miaka minne kwenye mstari wa mahali alipiga chapa maneno "Ukumbi Mdogo." Tarehe 19 Agosti, siku ishirini na moja kabla ya kikao kama kanuni inavyotaka, alipiga chapa: "Kituo cha kuhamishia taka, mtaa wa maghala." Akalipeleka tangazo kwa mkurugenzi pamoja na barua nyingine nane. Mkurugenzi akatia saini zote. Matangazo yakapelekwa kwa wajumbe, na kwa kuwa hakuna anayesoma mstari usiobadilika, hakuna aliyeuliza.

Jumatano, tarehe 9 Septemba 1987, saa mbili na nusu asubuhi, marehemu alifika kituoni na daftari lake. Muuguzi na mfagizi wa kliniki walimsaidia kutoa mabenchi manne na meza ndogo ya kuandikia kadi, wakayapanga kwenye upande mmoja wa sakafu uliokuwa na nafasi, kama hatua sita kutoka kwenye rundo. Wajumbe walikwenda kwanza Ukumbi Mdogo, wakakuta umefungwa na tangazo limebandikwa mlangoni. Mmoja baada ya mwingine wakaja mtaa wa maghala, wengine kwa kudhani wanatazamishwa kitu kabla ya kikao. Watano walirudi makwao. Tisa walishuka magarini.

Zamu ya uenyekiti ilikuwa ya wilaya. Mwenyekiti, mtu mkubwa wa mwili na mwenye heshima zake, alifika akiwa na kitambaa puani.

"Bi Akidi, hiki ni nini?"

"Ni kikao cha kumi na saba, mheshimiwa."

"Kikao hakiwezi kufanyika hapa."

"Akidi imetimia. Wanaotakiwa ni wanane, wapo tisa."

"Sizungumzii akidi. Nazungumzia mahali."

"Mahali pametangazwa siku ishirini na moja kabla, kwa saini ya mkurugenzi. Kupabadilisha kunataka hoja, mheshimiwa. Na hoja inataka kikao kiwe kimefunguliwa."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na hilo marehemu alilijua kwa miaka minne. Akakaa, akafungua kikao saa tatu na dakika nne.

Hoja ya kuhama ilitolewa papo hapo na mjumbe wa wilaya. Mjumbe wa mji, mwenye duka la redio, alisimama kuiunga mkono. Alikuwa karibu na zile mbao, na mama mmoja aliyekuwa anatoka kliniki, asiyejua hao ni akina nani, akamwambia, "Baba samahani, nishikie mtoto nivuke," akamkabidhi. Mjumbe akabaki na mtoto mkononi. Mama akavuka, akaacha kiatu kimoja topeni, akarudi kukitafuta, akakikosa. Alipomchukua mwanawe na kumaliza kumshukuru, mwenyekiti akauliza kama hoja imeungwa mkono. Mjumbe yule akaangalia suti yake mahali mtoto alipokuwa, akakaa chini. Hoja ikaanguka.

Ndipo lori la mji likafika na mzigo wake wa asubuhi. Dereva hakuwa na habari yoyote ya kikao. Alitoa kichwa dirishani, injini inanguruma.

"Shikamooni, waheshimiwa. Nimwage wapi?"

Marehemu aliandika swali hilo kama lilivyosemwa, na limo katika muhtasari, kifungu cha pili.

"Kwani siku zote unamwaga wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Hapo mlipokaa."

"Na ndani ya kontena humwagi?"

"Limejaa tangu Ijumaa. Lingine lipo, mheshimiwa, nimeliona uani kwenu wilayani. Jipya kabisa."

Mwenyekiti akamgeukia afisa wa wilaya aliyekuja naye. "Ni kweli lipo?"

"Lipo," afisa akasema. "Linasubiri kupakwa rangi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Hapo marehemu aliinua kalamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akauliza kama maneno ya mwisho yaingie kwenye muhtasari. Mwenyekiti akasema yaingie.

Waliamua mambo matatu. Wilaya iweke kontena la pili bila kusubiri rangi, na iinue yote mawili kila Jumatatu na Alhamisi. Mji ufagie hatua kumi kuzunguka kontena kila baada ya kumwaga, na uiazime wilaya wazoaji kumi kwa siku mbili ili rundo lililopo liondoke. Na kuwe na daftari moja kituoni, ambalo dereva wa kila upande atatia saini, ili ijulikane taka zimeacha kuwa za nani na kuanza kuwa za nani. Jambo la tatu lilipendekezwa na dereva, aliyekuwa bado dirishani. Kikao kilifungwa saa tatu na dakika arobaini. Vikao kumi na sita vya kabla yake, kwa hesabu ya marehemu, hakuna kilichopungua saa mbili na nusu.

Muhtasari wa siku hiyo una kurasa mbili, na marehemu hakujitaja popote. Kwenye mstari wa mahali aliandika, "Kama palivyotangazwa." Daftari lake la hatimkato bado tunalo. Kurasa mbili za mwanzo ni mikwaruzo mitupu; hata yeye hakuweza kuzisoma, akaziandika kwa kumbukumbu.

Rundo liliondolewa tarehe 14 na 15 Septemba. Tarehe 28 Septemba alipewa barua ya onyo kwa kosa la kuwadhalilisha wajumbe, akahamishiwa masijala, chumba cha chini chenye mafaili na popo. Alikaa huko miaka minne na nusu. Utaratibu wa makontena mawili na daftari moja ulipelekwa kwenye vituo vingine saba mwaka 1989, na taarifa iliyouelezea ilimpongeza mwenyekiti wa zamu. Marehemu ndiye aliyeifungua taarifa hiyo na kuiweka kwenye faili lake. Hakulalamika, lakini pia hakusema kwamba hakuumia. Kwa mwaka mzima wa 1988 alikuwa akipita njia ya mbali ili asikutane na wenzake wa ghorofa ya kwanza wakati wa kutoka. Binti yake mkubwa alipomuuliza miaka mingi baadaye kama alijuta, alijibu, "Sikujuta. Ila nilivunja kazi yangu. Mwandishi hana kauli, na mimi nilitia kauli yangu kwenye mstari wa mahali. Waliponiondoa hawakunionea."

Jambo jingine familia imeona liwekwe wazi leo. Mkurugenzi aliyetia saini tangazo lile aliiambia tume ya nidhamu kwamba hakulisoma. Mwaka 1999, akiwa mgonjwa, alimwita mume wa marehemu akamwambia alilisoma mara mbili, akaona ni la maana, akatia saini, na walipomuuliza akaogopa. Mume alipofikisha ujumbe huo nyumbani, marehemu alisema, "Nilijua. Barua nyingine zote alitia saini mkono mmoja ukiwa kwenye simu. Hiyo aliweka simu chini." Kisha akaenda kumtazama mgonjwa, na akawa anakwenda kila Jumapili mpaka mwisho wake.

Alirudishwa kwenye vikao Machi 1992, akastaafu tarehe 14 Machi 2006. Baada ya hapo aliandika mihtasari ya chama cha wapangaji, ya kamati ya shule ya wajukuu zake, na, bila kuombwa, ya vikao vya ukoo. Baadhi ya wajomba wanayo mihtasari hiyo na wangependa isitolewe.

Mwaka 2017 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka hata pasipo sababu, na daktari akatambua ugonjwa wa mishipa ya fahamu usio na tiba. Kufikia 2021 hakuweza kushika kalamu. Alilichukulia jambo hilo kwa ubishi kwanza, akijaribu mkono wa kushoto, kisha kwa ukimya. Sauti nayo ikapungua, ikawa mtu anamwinamia ili amsikie. Mumewe ndiye aliyemlisha, aliyemvisha, na aliyemfunga vifungo, na hakukubali mtu wa kumsaidia hadi mwezi wa mwisho.

Februari 2023 alitembelewa nyumbani na afisa kijana wa afya. Mipaka ya halmashauri ilikuwa imechorwa upya, kampuni binafsi imeingia katikati, na kituo cha mtaa wa maghala kilikuwa kimeanza kujaa. Afisa alikuwa ameambiwa kwamba mwenye historia ni huyu bibi. Marehemu alimtajia namba ya faili kwa kichwa, rafu na rangi ya jalada. Faili lilipatikana hapo hapo alipopasema. Kabla ya kuondoka, kijana alimwinamia akamuuliza swali alilolijia hasa: zile taka zilizokuwa chini, kisheria, zilikuwa za nani?

"Sijui," marehemu akasema. "Nilitafuta miaka minne. Sheria haikusema." Kisha akaongeza, "Na mtoto yule wa nyumba za nyuma hakungoja."

Alifariki Jumamosi, tarehe 6 Aprili 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, kwenye kiti cha karibu na dirisha, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu na siku ishirini na tatu. Mumewe alikuwa akimsomea gazeti. Alimaliza habari aliyokuwa akiisoma, akauliza aendelee na ipi, ndipo akajua.

Ameacha mume, aliyeishi naye miaka arobaini na saba; mwana mmoja, fundi umeme; mabinti wawili, mmoja mwalimu na mmoja mfamasia; wakwe watatu, wajukuu saba, na kitukuu mmoja wa miezi minne. Ameacha pia wadogo zake wawili. Kaka yake mkubwa na mdogo wake mmoja wa kike walimtangulia. Familia inamshukuru muuguzi mkuu mstaafu wa kliniki ya mtaa wa maghala, mwenye miaka themanini na sita, aliyesafiri tangu jana kuwa nasi na ambaye ameomba asipewe nafasi ya kusema.

Marehemu aliagiza wasifu wake usomwe kwa dakika kumi, usizidi. Umezidi, na hakuna aliyetukatiza.

Apumzike sasa, kwa amani aliyoifanyia kazi.